Usiniite Baba Majini

Mtu yule alimrukia mjukuu wangu kutoka mbele, akamkaba shingo kwa mikono miwili, akamning'inia kwa uzito wake wote mpaka vichwa vyao vikapotea ndani ya maji. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe kando ya bwawa la Kiambere, fimbo yangu katikati ya magoti. Maji yalichemka pale walipozamia. Kisigino kilitokea, kisha kiwiko, kisha mapovu matupu. Walipoibuka, msichana alikuwa akitapika maji kwa mdomo na pua, na yule mtu alikuwa bado amemkaba. Akamwuliza kwa sauti ya utulivu kabisa, "Umekufa?"

"Bado, baba," mjukuu wangu akasema huku akikohoa.

"Umekufa. Na mimi nimekufa pamoja nawe. Na usiniite baba majini."

Akamzamisha tena.

Nilikuwa nimetumwa na mama yake nikae pale niangalie. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimewafundisha watoto wa huku amri za Mungu tangu kabla hawajaota meno ya pili, na wengi wao sasa wana wajukuu. Sikuwa nimewahi kukaa kitako nikitazama mtoto wa kike akikabwa koo, nisiinuke. Lakini siku zile niliinuka tu kunyoosha mgongo, kisha nikakaa tena na kuomba, kwa sababu aliyeomba akabwe alikuwa ni yeye mwenyewe.

Mjukuu wangu anasomea ubaharia huko pwani. Watu wa Mbeere wakisikia hivyo hucheka kwanza. Sisi ni watu wa mbuzi, mtama na muguka, yale majani ya kutafuna, na maji tumeyazoea yakiwa kwenye mtungi. Hata bwawa hili hatukulifuata sisi. Mto ulizibwa, nalo likatupandia mpaka mashambani. Yeye alikua akilitazama kila alipopeleka mbuzi malishoni, na nadhani hapo ndipo yalipoanzia. Namshukuru Mungu kwamba alikuwa na kitu cha kutazama.

Chuoni alikuwa amefaulu karibu yote. Alitambaa kwa tumbo ndani ya chumba kilichojaa moshi mpaka akamgusa mtu aliyelala chini, akamburuta nje. Aliruka kutoka juu akiwa amevaa jaketi la kuelea, mkono mmoja umeziba pua. Aliipindua boti ya mpira iliyolala kifudifudi, ile ambayo mabaharia huingia meli ikizama. Jambo moja lilimshinda. Mwalimu alijifanya mtu anayezama, akamkumbatia shingoni, naye alitakiwa ajinasue: amsukume kidevu kwa kiganja mpaka kichwa kirudi nyuma, amkanyage kifuani, ikibidi ampige, kisha amgeuze na kumvuta kutoka mgongoni. Hakufanya hata kimoja. Alishuka naye kimya mpaka wengine wakaingia kuwatoa.

"Kwa nini?" nilimwuliza aliporudi nyumbani.

"Ana mvi, guka," alisema, akiniita babu kwa lugha yetu. "Ni mkubwa kuliko baba. Nilipomwona usoni, mkono ulikufa."

Wenzake wa pwani walimcheka sana. Mimi sikucheka, kwa kuwa najua mkono huo ulikotoka. Kwetu mtoto hainui mkono juu ya mzazi, wala juu ya mtu yeyote wa umri wa mzazi. Nimemwona kijana aliyemsukuma baba yake katika ugomvi wa ng'ombe akinyimwa hata moto wa kuwashia jiko na majirani, mpaka mbuzi alipochinjwa na baba mwenyewe akamtamkia msamaha mbele ya watu. Na kama desturi ingenyamaza, Sheria ya Musa hainyamazi. Nimeifundisha mwenyewe, na yeye alikaa benchi la mbele.

Chuo kilimpa nafasi moja ya kurudia. Akishindwa, hapati cheti cha usalama wa baharini, na bila cheti hicho hakuna meli itakayompandisha. Meli moja ilikuwa tayari imekubali kumchukua kama mwanafunzi wa sitaha, na isingemngoja. Ndiyo maana alimwendea baharia mmoja wa kwetu, yule aliyekuwa akimkaba.

Baharia huyo alizaliwa jirani yetu, akaishi melini miaka mingi, akarudi na kununua shamba la kahawa upande wa Runyenjes. Sikio lake la kushoto halina nusu ya juu. Alitahiriwa siku ile ile pamoja na mwanangu, baba wa msichana. Ni wa rika moja, kwa hiyo kwetu yeye ni baba wa mtoto yule vilevile. Mjukuu wangu alimchagua kwa sababu hiyo hasa. "Nikiweza kumpiga yeye," aliniambia, "nitaweza kumpiga yeyote."

Walifanyia mazoezi pale wanawake wanapoteka maji. Pamezungushiwa nguzo na wavu wa chuma tangu mamba alipomchukua mama mmoja mchana kweupe, tukabaki na ndoo yake na leso. Nje ya wavu mamba bado wapo; asubuhi tunawaona wamelala kwenye matope kama magogo yaliyokatwa vibaya. Ndani ya wavu ukingo huporomoka ghafla, maana chini ni shamba la zamani lenye mteremko. Hatua chache tu na maji yanamfunika mtu mrefu. Wavuvi huweka humo mtumbwi mmoja.

Siku baada ya siku baharia alimkaba, na siku baada ya siku mjukuu wangu alimsukuma kidevu kama mtu anayesukuma mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Hiyo ni nini?" baharia alimwuliza. "Unaninyoa ndevu?"

"Nisamehe, baba."

"Huyu mtoto ananiomba msamaha nikiwa nimemkalia kichwani. Mzee, mlimfundisha nini huko kanisani?"

"Adabu," nilimjibu kutoka kwenye jiwe langu.

"Adabu ni ya nchi kavu, baba."

Alimpiga kofi la kichwa, si kwa hasira, kama mtu anavyopiga debe kujua kama lina kitu. Akamkanyaga mabega akamshindilia chini. Akamvuta nywele. Shingo ya msichana ilianza kupata alama za vidole, kwanza nyekundu, kisha rangi ya zambarau mbivu. Alikuwa anajifunga leso shingoni akienda dukani.

Wakati wa kupumzika tulikula mahindi ya kuchoma, na siku moja alituambia habari ya sikio. Meli yao ilishika moto, wakaruka. Rafiki yake aliyekuwa hajui kuogelea vizuri alimpanda kama ngazi, akamng'ata sikio na kulitafuna, kwa kuwa mtu anayezama hushika kwa chochote alicho nacho, hata meno.

"Nilimpiga koo kwa ngumi," alisema. "Akaniachia. Nikamgeuza nikamvuta. Yuko hai, ana duka la vyombo kwao, na kila Krismasi ananitumia salamu. Anasema bado ana ladha ya sikio langu."

Mjukuu wangu alicheka. Baharia hakucheka naye.

"Kulikuwa na wengine wawili. Marafiki sana, na yule aliyejua kuogelea alikuwa mpole kama wewe. Tuliwatoa kesho yake wamekumbatiana. Tulishindwa kuwatenganisha. Tuliwavunja vidole, kimoja kimoja, ndipo tukapata kuwafunga kila mmoja sanda yake." Akatupa gunzi la muhindi majini. "Sasa chagua. Utampiga mtu, au utazikwa naye?"

Siku hiyo mjukuu wangu alimpiga kwa mara ya kwanza, kifuani, pigo la woga. Baharia alisema hata mbu angeuma zaidi. Lakini nilimwona akitabasamu alipogeuka.

Ilikuwa imebaki wiki ya mwisho kabla ya safari ya kurudi chuoni ndipo mama yake alipofungua leso ile wakati binti amelala, akaona shingo. Alimwambia mumewe. Mwanangu analima muguka, na mikono yake ni mizito kuliko maneno yake. Niliwahi kumwona akimvunja mwizi mkono shambani, kisha akampakia yuleyule mwizi kwenye boda boda na kumpeleka hospitali. Ndivyo alivyo. Hasira yake huja mbele, na wema wake hufuata nyuma ukihema.

Alitukuta pale bwawani mchana, rungu mkononi. Aliruka kutoka kwenye boda boda kabla haijasimama.

"Unamfanya nini mtoto wangu?" alimwita mwenzake.

Baharia alikuwa amesimama majini ameshika ubavu wa mtumbwi. "Namfundisha."

"Kufundisha na kunyonga, kwenu watu wa meli ni kitu kimoja?"

"Mara nyingi. Njoo uone."

"Toka huko."

"Njoo wewe. Au unaogopa? Wewe hata kuoga unaoga kwa kikombe."

"Baba, ni mimi niliyemwomba," mjukuu wangu alisema kutoka ukingoni, maji yakimchuruzika.

"Nyamaza wewe."

"Mwache mtoto," baharia akasema. Kisha akatamka neno ambalo hakupaswa kulitamka, mbele yangu mimi na mbele ya binti. "Mimi na wewe tunajua nani alilia siku ya kisu."

Niliinamisha kichwa. Watu waliotahiriwa pamoja hutaniana kwa mengi, na hilo pia hutaniwa, lakini wakiwa peke yao. Lililotamkwa mbele ya mtoto wa mtu si utani.

Mwanangu alitupa rungu. Aliingia mtumbwini kwa hatua mbili, akanyakua kasia, akalishusha juu ya kichwa cha mwenzake. Lilitoa sauti ya nazi ikipasuliwa. Baharia aliinua mkono kuukinga uso, na kasia likaushukia mkono, nikasikia mfupa. Damu ilimtoka juu ya jicho ikamwagika shingoni na kufungua utando mwekundu juu ya maji. Niliita jina la mwanangu, lile la ubatizo. Hakunisikia. Alilizungusha kasia mara ya tatu kwa nguvu zake zote, na mtu ambaye hajawahi kusimama ndani ya mtumbwi hajui kwamba nguvu hizo zitamrudia. Mtumbwi ulilala ubavu, ukamwaga, ukamfunika.

Baharia alikuwa amekumbatia nguzo ya uzio kwa mkono uliosalia, macho yamegeuka meupe. Kwake hapakuwa na msaada.

Mwanangu aliibuka mara moja, mdomo wazi, akipiga maji kama anayefukuza nyuki. Hakuita. Nilikuwa nikidhani mtu anayezama huita. Mjukuu wangu alikuwa ameshaingia. Alimwendea kwa mzunguko, apate mgongo, kama alivyofundishwa. Lakini baba yake aligeuka, akamwona, akamrukia.

Alimkaba pale pale penye alama. Miguu yake ilimzunguka kiunoni. Alimpanda kichwani na kuvuta pumzi juu yake, huku binti akiwa chini. Kisha wote wawili walikwenda chini.

Nilijikuta nimesimama majini mpaka kiunoni, fimbo mkononi, na kila hatua ya mbele ardhi ikinikimbia. Nikasimama. Kama ningeendelea, wangezikwa watatu. Niliomba, na ombi langu lilikuwa fupi kuliko yote niliyowahi kuomba.

Waliibuka karibu nami, kwa umbali wa mtu na kivuli chake. Uso wa mwanangu sikuutambua. Macho yalikuwa yamemtoka, meno yakiwa nje, kucha zake zimezama kwenye mashavu ya binti yake na kuchora. Yeye alikuwa ameinua mkono. Niliuona umeinuka, ngumi imefungwa sawasawa, na niliuona ukifa. Akanitazama mimi.

Niliyajua macho yale kutoka benchi la mbele. Alikuwa anamngoja mwalimu aseme.

"Mimi ndiye niliyemzaa," nilimwambia. "Kabla hajawa baba yako alikuwa mwanangu. Mpige."

Wakazama. Maji yalitulia, na nikadhani nimechelewa.

Kisha vichwa vilitokea kwa pamoja. Kichwa cha mwanangu kiliruka nyuma kana kwamba kimepigwa na shoka, na kiganja cha binti kikiwa chini ya kidevu chake. Baba hakuachia. Binti alimpiga kwa kiwiko katikati ya uso, na pua ikalala upande. Bado hakuachia; alimng'ata begani, nikasikia binti akilia kwa maumivu. Akampiga tena, ngumi, mdomoni, na tena, pigo zito la mtu anayevunja kuni, na kila pigo alisema, "Baba. Baba. Baba." Mikono ilifunguka. Alimweka mguu kifuani akamsukuma mbali, akamzunguka, akampitishia mkono chini ya kidevu kutoka nyuma, akaanza kumvuta kuja kwangu. Uso wa baba ulikuwa juu, damu tupu, ukimeza hewa.

Niliwapokea kwa fimbo. Tulimlaza kifudifudi juu ya jiwe langu, akatapika bwawa. Binti alirudi majini bila kuambiwa, akamtoa na baharia.

Wote waliishi. Nalisema hili mapema kwa sababu yaliyofuata yalikuwa magumu kwa namna nyingine.

Mwanangu alikuwa amepoteza meno mawili na pua imevunjika. Baharia alifungwa plasta mkono na kushonwa kichwa, na hakutaka habari ipelekwe kituoni. "Mimi ndiye niliyetaja kisu," alisema. Lakini kijiji hakikuzungumza juu ya kasia. Kilizungumza juu ya binti aliyempiga baba yake ngumi za mdomo huku akimwita baba. Jirani alimpa chai akamsihi abaki na kikombe, kana kwamba kimetiwa najisi. Wazee walinijia, wakataka mbuzi. Niliwaambia mbuzi wa kutakasa sitamchinja, maana damu iliyotosha kwa makosa yote ilikwisha kumwagika zamani, na ndiyo imani niliyoishika. Waliondoka bila kumaliza uji.

Lakini mjukuu wangu mwenyewe alikaa jikoni akiangalia mikono yake.

"Sitaenda, guka."

"Umeweza sasa. Ulitaka kujua kama unaweza."

"Nimeweza, na baba hanitazami. Nikienda hivi, nikimshika mtu majini, itakuwa ni hii mikono. Sitaki kuisafirisha ikiwa hivi."

Sikubishana naye. Nilikwenda kwa mwanangu. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha ghala, uso umevimba kama mkate, akichambua muguka ambao asingeweza kuutafuna.

"Alinipiga mbele ya mwenye rika langu," alisema. Maneno yalitoka na hewa kupitia penye meno yaliyokosekana.

"Mwenye rika lako alikuwa amezimia. Hakuona kitu."

"Wewe uliona."

"Mimi ndiye niliyemwambia."

Alichana jani vipande viwili. "Basi wewe ndiye uliyenipiga."

"Ndiyo. Nami nina haki. Ulitakiwa kupigwa tangu ukiwa mdogo, mama yako alikuwa akinizuia."

Alitaka kucheka, pua ikamkataza. Alishika uso kwa mikono miwili, na nilipoona mabega yanatikisika nilifahamu kwamba hacheki.

"Nilimwona, baba," alisema. "Kule chini. Nilijua ni yeye. Nilimjua kabisa, na sikuachia."

Nilikaa naye mpaka jua likahama.

Siku ya safari binti alikuwa amefunga begi kwa sababu mama yake alilifunga. Tulisimama naye barabarani tukingoja gari, mimi, mama yake, na baharia mwenye plasta. Aliendelea kusema hatapanda. Kisha mwanangu alitokea kwenye njia ya mbuzi, amevaa koti lake la kanisani, uso una rangi tatu. Watu waliokuwa dukani walitoka kutazama. Alisimama mbele ya binti yake na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamtazama.

"Lete mikono."

Aliinyoosha. Kwenye vifundo bado palikuwa na vidonda vya meno ya baba yake. Mwanangu alivifungua viganja, akaviinamia, na akatema mate ndani yake, mate ya baraka, kama wazee wetu walivyowabariki watoto wanaoondoka. Yalikuwa na damu. Aliifunga ile mikono yote miwili ndani ya yake.

"Mikono hii ni mizuri," alisema kwa sauti ya kufika dukani. "Nenda nayo. Mtu akikushika, mpige. Awe nani."

Gari lilikuja akapanda.

Alinipigia simu siku aliyorudia mtihani. Kwanza alilia, kisha akaniambia amefaulu, kisha akaomba nimwombee mwalimu wake, maana amemchubua taya. Nilimwuliza kama alimwona usoni safari hii.

"Nilimwona, guka. Nilimwona vizuri. Ndiyo sababu nilimpiga."

Sasa yuko kwenye sitaha, mahali nisipopajua, na jina lake liko katika maombi yangu ya asubuhi. Mara kwa mara mimi bado hushuka mpaka lile jiwe. Baharia amefunguliwa plasta, na Jumamosi huja na mwanafunzi mpya, mtu mzito, mwenye meno pungufu na pua ya upande, anayeingia majini akiwa ameshika nguzo.

"Achia nguzo," baharia humwambia.

"Ukinizamisha nitakuua."

"Ulijaribu. Achia."

Nami nakaa, fimbo katikati ya magoti, nashukuru.